Geti la Mlima Elgon Lisifungwe kwa Ajili ya Takataka



Kuna maneno yanayozungumzwa siku hizi katika matatu, katika hoteli za chai, na hata katika mikutano ya watu wenye vyeo, nayo yahusu mlima wetu. Yasemwa hivi: wananchi wa kawaida wakienda kwa wingi katika hifadhi ya Mlima Elgon huacha chupa, karatasi na mifuko kila mahali, kwa hiyo dawa ni kupandisha ada ya geti mpaka waende wachache tu, wale wenye adabu. Mimi nayapinga maneno haya. Katika ukurasa huu nataka kueleza sababu zangu, na pia kusema ni jambo gani lingefaa kufanywa badala yake, maana mtu anayepinga tu bila kuonyesha njia hamsaidii mwenziwe.

Lakini kwanza tusidanganyane. Takataka zipo. Mtu yeyote aliyewahi kwenda mahali pa mapumziko siku ya Krismasi au Mwaka Mpya ameona yanayobaki nyuma wenyewe wakishaondoka: chupa za maji, karatasi za biskuti, sahani nyeupe za kutupa, na mifupa ya kuku juu yake. Haya ni aibu, na chama cha wafanya kazi hakina haja ya kuyafunika ati kwa sababu waliotupa ni watu wetu. Swali langu ni jingine. Aibu hii ni ya nani peke yake, na ya nani pamoja? Na je, kumfungia mtu maskini geti ndiko kutauondoa uchafu?

MLIMA HUU NI WA NANI

Wenzetu wengine wadhani kwamba mlima ni kitu cha watalii, nasi watu wa Chwele tuna soko letu, mahindi yetu, vitunguu vyetu na ndizi zetu, basi yatosha. Hilo ni kosa. Wazee wetu waliuita mlima huo Masaba kabla haujaandikwa Elgon katika ramani. Mto Chwele na mto Kuywa hutoka huko juu, maji yao huingia katika mto Nzoia, na Nzoia huyapeleka mpaka Budalang'i na Ziwa Viktoria. Mlima Elgon ni mmojawapo wa minara mikubwa mitano ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Aberdare, Mlima Kenya na Cherangani. Kwa hiyo mama anayeosha vitunguu vyake kwa ajili ya soko, na kijana anayeosha pikipiki yake mtoni, wote wawili wanatumia mlima, ijapokuwa hawajaliona geti lake hata siku moja.

Na chupa iliyotupwa juu haikai juu. Mvua ya mwezi wa Aprili huichukua, ikaingia katika kijito, kijito kikaipeleka mtoni, na sisi tulio chini tukaipokea.

Tena mlima huu una migongo miwili. Upande wa kaskazini hutoka mto Suam, unaopita mpakani na Uganda, kisha hugeuka jina ukaitwa Turkwel, hupita katika bwawa la umeme, na mwisho wake ni Ziwa Turkana, katikati ya jangwa. Madereva wetu wa malori waendao Lodwar kutoka Kitale waijua nchi ile. Huko kitu hakiozi upesi. Nchi ni kavu, hakuna majani ya kukifunika, na upepo hukibeba mpaka kikanase katika miiba. Mbuzi akiona karatasi yenye chumvi huila. Wachinjaji wa nchi hii wamekwisha kupata mifuko ya plastiki katika matumbo ya ng'ombe mara nyingi, basi tusidhani ni hadithi. Na huko kwenye Ziwa Turkana kuna hifadhi ya Sibiloi, iliyofanywa mwaka 1973, ambayo pamoja na kisiwa kimoja cha ziwa hilo iliandikwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia nzima. Mwaka 2018 ikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Sababu yake kubwa ilikuwa mabwawa yaliyojengwa upande wa Ethiopia, wala si takataka. Lakini nalitaja jambo hili ili tuone kwamba hifadhi haina ukuta wa kweli. Linalofanyika mtoni mbali huko juu huifikia.

Kwa hiyo mlima si wa mtalii peke yake, wala si wa askari wa wanyama peke yake. Ni wa kila mtu anywaye maji yake. Na mtu hawezi kuambiwa aulinde mlima kwa mikono yake, kisha akaambiwa macho yake yasiuone.

SHERIA IPO, TENA NI KALI

Wengine wanasema hakuna sheria. Ipo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imekatazwa Kenya nzima, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni mbili mpaka milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja mpaka minne. Tangu tarehe 5 Juni 2020 vitu vya plastiki vya kutumia mara moja, kama chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija, vimekatazwa katika hifadhi za wanyama, misitu na pwani za nchi hii. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya kusimamia taka, na ndani yake mwenye kiwanda aliwekewa wajibu juu ya vitu anavyoviuza, hata baada ya mnunuzi kuvitumia. Juu ya hizo zote kuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 69 yampa kila mtu wajibu wa kusaidia kuyalinda.

Sasa tazameni jambo moja. Sheria ni nyingi, lakini mara nyingi yule anayekutana nazo uso kwa uso ni mtoto wa shule na makanga wa basi. Katika safari moja niliyofuatana nayo, kwenda hifadhi ambayo sitaitaja, watoto walinyang'anywa chupa zao za maji getini, ndivyo ilivyo sheria, sikatai. Lakini chupa zile zilitupwa katika lundo nyuma ya kibanda cha geti, na lundo lile halikuwa na kifuniko, nyani wakilichezea. Watoto wakaingia bila maji, na ndani hapakuwa na bomba. Mchana jua lilipokuwa kali walimu walihangaika nao. Nawauliza, ndugu zangu, hapo sheria ilitimizwa au ilihamishwa tu kutoka ndani ya geti kuja nje yake?

Anayekataza chupa hapana budi aweke bomba. Anayekataza mfuko hapana budi aeleze mapema, siku watu wanapopanga safari, si saa ile wamekwisha shuka katika gari wakiwa na njaa. Amri isiyo na njia ya kuifuata huwafundisha watu kitu kimoja tu, nacho ni kuficha.

CHUPA YA KIOO ILIRUDI KWA SABABU GANI

Wale wanaosema mwananchi wetu hana adabu ya kuzaliwa, nataka wakumbuke soda ya chupa ya kioo. Nani katika Chwele hajui habari zake? Ukienda dukani bila chupa, mwenye duka alikuambia uinywe palepale, au uache amana. Mtoto akitumwa soda alikwenda na chupa tupu mkononi, akiishika kama yai, maana akiivunja atapigwa nyumbani. Kreti lilirudi mjini limejaa chupa kama lilivyokuja. Je, mlipata kuziona chupa zile zimelala mtaroni kwa mamia? Hapana. Na watu walikuwa ni hawa hawa, wazee wao na watoto wao.

Siri yake si adabu tu. Chupa ile ilikuwa na thamani, na kiwanda kiliitaka irudi. Kisha ikaja chupa ya plastiki. Kiwanda kikaona nafuu: hakina tena gari la kurudisha chupa tupu, wala maji ya kuziosha, wala wafanya kazi wa kuzipanga. Nafuu ile haikutoka mbinguni. Gharama iliyoondolewa kiwandani ilikuja kuwekwa mahali pengine, nasi tunapajua: katika mtaro wa soko, katika mto, katika tumbo la ng'ombe, na katika bonde la hifadhi. Tena zile kazi za kuosha na kupanga chupa zilikuwa kazi za wenzetu.

Ndiyo maana nasema aibu hii si ya mtupaji peke yake. Aliyetupa ana kosa lake, na aambiwe. Lakini yuko na aliyekitengeneza kitu hicho akijua hakina njia ya kurudi, naye hukaa kimya mtupaji anapotukanwa.

Na hata habari ya mifuko yatufundisha hayo hayo. Kabla ya mwaka 2017 kila kitu katika soko, hata nyanya mbili, kilitiwa katika mfuko mwepesi. Watu walisema haitawezekana kuacha. Imewezekana. Leo watu wanabeba vikapu, viondo na mifuko ya kitambaa. Sisemi kwamba kazi imekwisha. Mifuko iliyokatazwa bado hupenyezwa mpakani, na sisi tulio karibu na Uganda twajua hivyo. Lakini badiliko kubwa limetokea, na mwananchi ambaye ati hana adabu ndiye aliyebadilika. Alibadilika kwa sababu sheria ilimshika mwenye kiwanda na mwenye duka pia, haikumshika mbebaji peke yake.

ADA ISIGEUZWE UKUTA

Najua watu wataniuliza: je, wataka geti liwe bure? Sikusema hivyo. Askari wa hifadhi hulipwa mshahara, barabara hutengenezwa, na fedha lazima zitoke mahali. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza ada mpya za hifadhi, na jambo hilo likafika mpaka mahakamani. Hoja za mahakama tuwaachie mawakili. Ninalolikataa ni hili wazo la kutumia ada kama fagio, yaani kuwafagia watu ili mahali pawe safi.

Hebu mwanachama wetu mwenye mke na watoto wanne apige hesabu ya safari moja. Kutoka Chwele atapita Kimilili, aingie njia kuu Kamukuywa, afike Kitale, kisha Endebess, na mwisho geti la Chorlim. Nauli ya watu sita kwenda, na nauli ya watu sita kurudi. Chakula. Gari la kuzunguka ndani, maana hifadhi ina tembo na nyati. Kisha ndipo ada yenyewe. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, safari hiyo imekwisha kuwa ukuta kabla ya mtu yeyote kuongeza tofali juu yake. Mtu wa namna hiyo akienda mara moja katika maisha yake, watoto wake watasimulia mpaka uzee. Akizuiwa, mlima utakuwa kwake mahali pa watu wengine, na mtu hakilindi kitu cha watu wengine.

Na je, ni kweli kwamba mwenye fedha hatupi? Gari kubwa lenye kasha la barafu huingia na chupa nyingi kuliko basi zima la shule. Fedha humwezesha mtu kulipa ada, hazimfundishi kuokota.

Historia ya mlima huu pia yatuonya. Msitu wa Elgon ulitiwa katika hifadhi ya Serikali mwaka 1932, wakati wa ukoloni, na wenyeji wa huko juu wakageuzwa wageni katika nchi yao. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, yenye kilomita za mraba 169, ilitangazwa mwaka 1968, miaka mitano hivi baada ya Uhuru. Mwaka 2000 ardhi ya Chepkitale, walikokaa Waogiek, ikafanywa hifadhi ya wanyama. Na mwezi wa Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba haikufanywa kwa njia ya sheria. Waogiek wale wana kanuni zao walizoziandika za kulinda msitu, nao wamekuwa wakikataza uchomaji wa makaa. Kwa hiyo twaona kwamba mtu anaweza kuwa ndani ya mlima na bado akaulinda, tena akaulinda kwa sababu ni wake.

Tukumbuke pia miaka ya 2006 mpaka 2008, wakati wa vita vya kundi la SLDF na operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008. Mlima ulifungwa na hofu. Watu wengi waliuawa na wengine wakahama mashamba yao. Ukiwauliza watu wa Kapsokwony na Cheptais, hakuna atakayekuambia kwamba mlima usiokwendwa na watu ulikuwa baraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wazee. Mgeni akifungiwa geti, wa kwanza kukosa ni kijana wa mahali hapo anayeongoza wageni, mama auzaye ndizi njiani, na mwenye pikipiki.

MILIMA MINGINE IMEFANYA NINI

Si sisi wa kwanza kukutwa na jambo hili. Tanzania, katika mlima Kilimanjaro, mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani getini, na mpagazi mmoja hapaswi kuchukua zaidi ya kilo 20. Takataka nazo huteremshwa na kupimwa, ili kampuni isiyerudisha ijulikane. Nawapa heko kwa hayo. Lakini sisi wafanya kazi tuulize swali la pili: takataka zile zateremka kwa mgongo wa nani? Ni mgongo wa mpagazi. Basi kilo za takataka lazima zihesabiwe katika mzigo wake, na zilipwe. Haifai mlima usafishwe kwa kumchosha bure yule anayelipwa kidogo kuliko wote.

Nepal nayo, kwa mlima Everest, iliagiza mwaka 2014 kwamba kila mpandaji arudi na kilo 8 za takataka, na kila msafara uweke amana ya dola 4,000 za Marekani, ambazo haukurudishiwa ulipokosa kutimiza. Wazo ni zuri, lakini lina tundu. Kilo 8 ni kilo 8. Mtu anaweza kuziokota katika kambi za chini, karibu na njia, na zile alizoziacha juu kwenye baridi kali zikabaki pale pale. Kwa hiyo somo tunalolipata ni kwamba tusipime uzito peke yake. Tuhesabu kile kilichoingia, na tuulize kama kile kile kimetoka.

TUNALOTAKA LIFANYWE

Mali bila daftari huisha bila habari. Hiyo ni methali ya dukani, nami nadhani yafaa getini pia. Haya ndiyo ninayotaka tawi letu liyachukue na kuyapeleka kwa Shirika la Wanyamapori, kwa serikali ya kaunti ya Bungoma na ile ya Trans-Nzoia:

Kwanza, getini kuwe na daftari ya mizigo. Kila kundi linaloingia liandikishe vyombo na vifungashio lilivyo navyo, na kiongozi wa kundi atie sahihi. Wakitoka, vihesabiwe tena. Pungufu lilipwe na kundi zima, liwe ni basi la shule au gari la tajiri. Hilo litamfanya kila mtu kuwa mlinzi wa mwenziwe.

Pili, kila geti na kila mahali pa kupumzika pawe na maji safi ya bomba au ya tangi, ili mtu ajaze chombo chake mwenyewe. Mlima unaonywesha mamilioni ya watu hautashindwa kuwanywesha wageni wake.

Tatu, iwekwe siku kila mwezi ya watu wa kata zinazouzunguka mlima kuingia kwa ada ndogo kabisa, na watoto wa shule za msingi za kata hizo waingie bure mara moja kwa mwaka pamoja na walimu wao. Mtoto aliyeuona mdomo wa pango la Kitum, na akaambiwa kwamba tembo huingia humo usiku gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zake, hataitupa karatasi yenye chumvi njiani kwa urahisi. Amekwisha elewa nani atakuja kuinusa.

Nne, kazi ya kuokota takataka iwe kazi ya mshahara. Naona siku hizi imekuwa desturi kuwaita vijana na akina mama siku moja, wapewe fulana na soda, wapigwe picha, kisha waende zao. Usafi wa kujitolea ni jambo jema, nami sitaukataza. Lakini usichukue mahali pa kazi. Mtu anayeokota vioo na vyuma apewe glavu na viatu vya mpira, aandikwe, alipwe kwa wakati, na akiumia atibiwe. Kama fedha zipo za kupiga chapa fulana, zipo za kumlipa mwokotaji.

Tano, wenye viwanda vya vinywaji watakiwe, kama sheria ya mwaka 2022 isemavyo, kuzichukua chupa zao. Tena nasema amana irudi. Chupa ya plastiki ikiwa na shilingi chache ndani yake, haitafika mtoni hata mara moja. Mtoto wa kwanza kuiona ataikimbilia.

NA SISI JE?

Sasa nageukia upande wetu, maana chama kinachodai bila kutenda hakisikilizwi.

Katika safari za tawi letu, na za shule ambazo wazazi wake ni wanachama, hatuna haja ya kungoja barua ya Serikali. Chakula chaweza kufungwa katika majani ya mgomba kama walivyofanya mama zetu, au kutiwa katika bakuli yenye kifuniko. Chai hubebwa katika chupa ya chai, na maji katika kibuyu au debe. Makanga wetu waweza kutundika gunia moja nyuma ya basi, na dereva asiwashe gari mpaka gunia hilo limefungwa na kuonekana. Si kazi kubwa. Mambo haya tuliyafanya zamani bila kuyaita hifadhi ya mazingira. Tuliyaita kutokuwa mchafu.

Na tuanzie chini, hapa Chwele. Soko letu ni kubwa, watu huja kutoka Bungoma, Kitale na hata ng'ambo ya mpaka. Siku ya soko ikiisha, yanayobaki chini si maganda ya ndizi tu. Tukiwa tunalilia mlima huku mtaro wa soko letu umeziba, watu watatucheka, na watakuwa na haki. Kamati ya soko, wenye maduka na kaunti inayokusanya ushuru kila siku wakae pamoja na kupanga mahali pa takataka na gari la kuzichukua. Ushuru ukikusanywa asubuhi, takataka nazo zikusanywe jioni.

Yupo atakayesema kwamba mambo haya ni madogo, na kwamba chama kina kazi ya mishahara na saa za kazi. Nami namjibu hivi. Wafanya kazi hawakuomba mshahara ili wale tu na kulala. Walidai siku ya kupumzika, na likizo, ili mtu apate muda wa kuwa mtu, atembee na watoto wake, aone nchi aliyoijenga. Siku ya kupumzika bila mahali pa kwenda ni nusu ya haki. Na mahali pa kwenda pakiwa pachafu, au pakiwa na geti ambalo wenye fedha peke yao hupita, haki hiyo imechukuliwa tena kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo wale wanaotaka kupandisha ukuta, tuwaambie kwa heshima lakini bila woga: takataka zitoke, watu waingie. Tuwaonyeshe daftari, bomba, gunia na mshahara wa mwokotaji, nao watuonyeshe ni wapi ukuta wa fedha uliwahi kuusafisha mto.

Naomba jambo hili litiwe katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi, na kila mwanachama aliye na dereva, mwongozaji wa wageni au mwalimu nyumbani kwake aje naye, ili tusikie kutoka kwa wale wanaolipita geti lile kila juma.